Lisbon: Mji Uliofua Dhahabu ya Kilwa

Juma lililopita kijana wetu mmoja wa nyumbani, mwanafunzi wa darasa la sita, alituletea daftari lake la historia ili tumsaidie kujiandaa na mtihani. Alikuwa ameandika kwa hati safi kwamba Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498. Tukamwambia ni sahihi. Naye akatuuliza swali ambalo halikuwamo daftarini: "Ami, alitoka wapi?" Tukamjibu kuwa alitoka Ureno. Akasema, "Ureno ni nchi. Mimi nauliza alitoka mji gani, na huko kwao kulikuwaje."

Tulinyamaza kidogo. Sisi watu wa pwani twazijua ngome za Wareno, twaijua mizinga yao iliyoota kutu, na twawajua kwa majina manahodha wao waliotuchomea miji. Lakini mji uliowatuma, ambao wake zao na watoto wao waliwangojea gatini, hatuufahamu. Ni kama mtu aliyevunjiwa nyumba na jirani, naye hajapata kuuliza jirani huyo alilelewa katika nyumba ya namna gani. Kwa hiyo ukurasa wetu wa leo tunauweka kwa ajili ya swali la kijana huyo. Twamwomba msomaji ausome pamoja na watoto wake, kwa kuwa mji huo umefungamana nasi kuliko tunavyodhani.

Al-Ushbuna

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, umekaa katika ukingo wa kaskazini wa mto Tejo, karibu na mahali mto huo unapoingia katika Bahari ya Atlantiki. Kabla ya kufika baharini mto hupanuka ukawa mithili ya ziwa, kisha husongamana tena ukapita katika mlango mwembamba. Hiyo ndiyo siri ya bandari yake. Chombo kikishaupita mlango ule, huwa kimesalimika na mawimbi ya bahari kuu. Msomaji aliyepata kusimama Kilindini, akaona namna maji yanavyoingia ndani ya nchi na kutulia, hatahitaji maelezo zaidi. Juu ya maji hayo mji umepanda vilima, ambavyo wenyeji husema ni saba, na njia zake nyingi ni vichochoro na ngazi, ambapo tramu ndogo za rangi ya manjano hupita zikikaribia kugusa kuta za nyumba.

Warumi waliuita mji huo Olisipo. Waislamu walipovuka kuingia Andalusia mwaka 711, haikuchukua miaka mingi nao ukawa chini yao, wakauita al-Ushbuna. Walikaa hapo zaidi ya miaka 400. Hii si muda wa wapita njia. Ni umri wa vizazi kwa vizazi vya watu waliozaliwa hapo, wakaoa hapo, wakazikwa hapo. Chini ya kasri linalosimama leo juu ya kilima kirefu cha mji, wachimbaji wa mambo ya kale wameikuta misingi ya nyumba za Waislamu wa karne ya 11. Mtaa wa kale ulio chini ya kasri hilo huitwa Alfama, na asili ya jina hilo ni neno la Kiarabu lenye maana ya chemchemi ya maji moto.

Mwanajiografia al-Idrisi, aliyeandika kitabu chake mwaka 1154 katika kasri la mfalme Roger wa Sicily, anasimulia habari ya vijana wanane wa mji huo, wote mabinamu, waliojenga merikebu, wakaijaza maji na chakula cha miezi, wakaelekea magharibi ili wajue ndani ya bahari ile kuna nini na mwisho wake uko wapi. Walirudi wakiwa wamechoka na kudhalilika, hata watu wakawaita "waliodanganyika". Al-Idrisi anasema kwamba njia moja ya mji, karibu na maji moto, iliitwa kwa jina lao hilo. Basi hamu ya kuijua bahari kuu haikuanza na Vasco da Gama. Karne nyingi kabla yake, vijana wa Kiislamu wa mji uleule walikwisha kuthubutu.

Utawala ulipoondoka, lugha haikuondoka. Mreno wa leo akitaja mafuta ya zeituni husema azeite, akitaja sukari husema açúcar, akitaja ghala husema armazém, na forodha huiita alfândega. Yote hayo asili yake ni Kiarabu. Hata akitamani jambo fulani litokee, husema oxalá, neno ambalo wataalamu wa lugha hulirudisha kwenye usemi wa Waislamu wa kulitegemeza jambo kwa matakwa ya Mwenyezi Mungu. Husema hivyo asubuhi na jioni, wala hakumbuki limetoka wapi. Na sisi nasi, tunapoandaa meza, tunapopandisha bendera, tunapofunga leso, tunapofungua kasha au kucheza karata, twatumia maneno yaliyotoka katika mji wake. Hata neno gereza huelezwa kuwa asili yake ni neno lao la kanisa. Watu wawili waliopigana sana hurithishana hata maneno.

Kuzingirwa na kutekwa

Mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques, wa kwanza katika wafalme wa Ureno, aliuzingira mji. Hakuwa peke yake. Merikebu za wapiganaji wa msalaba kutoka Uingereza, Flanders na nchi za Wajerumani zilikuwa njiani kwenda Palestina, naye akawashawishi wamsaidie kwanza, kwa ahadi ya nyara. Mji ulizingirwa tangu mwanzo wa Julai hadi Oktoba. Njaa ikawala watu ndani ya kuta. Mwishowe wakaafikiana kuufungua mlango kwa sharti la kusalimika nafsi zao, mali zao ziachwe.

Mapatano hayo hayakuheshimiwa na wote. Mmoja wa waliokuwamo katika jeshi lile, mtu wa upande wa Waingereza, aliandika barua ndefu ya mambo aliyoyashuhudia, na barua hiyo imehifadhiwa mpaka leo. Yeye mwenyewe anakiri kwamba kundi la wapiganaji liliingia likavunja nyumba, likapora, likadhalilisha watu. Tena anataja jambo ambalo wengi hawalijui: waliuawa si Waislamu tu. Askofu mzee wa Wakristo wa mji, aliyekuwa akiishi humo na watu wake chini ya utawala wa Waislamu, naye alikatwa shingo. Twalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, linaonesha kwamba Wakristo walikuwa na askofu wao ndani ya mji wa Kiislamu. Pili, linaonesha kwamba upanga ukishafunguliwa ala kwa ajili ya nyara, haumuulizi mtu dini yake.

Tusijidanganye wala tusiwadanganye watoto wetu. Waislamu nao mji ule waliuingia kwa nguvu ya jeshi, kama jinsi watawala wengi wa zama zile walivyofanya. Anayetaka kuhukumu na atazame kilichofanyika baada ya ushindi, maana hapo ndipo tabia ya mshindi inapoonekana. Msikiti mkuu uliondoka, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la mji, ambalo lipo hadi leo. Waislamu waliobaki walihamishiwa nje ya kuta, katika bonde lililo chini ya kilima cha kasri. Mtaa huo ukaitwa Mouraria, yaani mtaa wa Wamoro, na unaitwa hivyo mpaka leo.

Mwaka 1170 mfalme aliwapa hati ya ulinzi: asiwadhuru Mkristo wala Myahudi, nao wawe na hakimu wao wenyewe. Badala yake walipe kodi, wayatunze mashamba ya mizabibu ya mfalme, na wauze tini zake na mafuta yake. Msomaji na ayafikirie maisha hayo: Mwislamu aliyesali alfajiri, kisha akashika jembe kwenda kuhudumia zabibu zitakazokamuliwa mvinyo wa mtu mwingine. Hata hivyo waliishi, wakahifadhi dini yao, wakawalea watoto wao, kwa zaidi ya miaka 300. Tunapolalamika kwamba malezi ya dini ni magumu katika zama hizi za simu na runinga, tuwakumbuke wazazi wa Mouraria.

Mwaka 1497

Mwishoni mwa mwaka 1496 mfalme Manuel wa Kwanza alitoa amri kwamba Mayahudi na Waislamu wote waihame nchi, na muda akauweka uishe Oktoba ya mwaka 1497. Mayahudi wengi hawakuachiwa hata kuondoka. Walibatizwa kwa nguvu, na mwezi wa Aprili mwaka 1506 makundi ya watu mjini Lisbon yaliwaua kwa mamia wale waliobatizwa na wazao wao. Waislamu walifunga mizigo yao wakavuka kwenda Afrika ya Kaskazini na kwingineko. Mouraria ikabaki jina bila wenyewe.

Sasa msomaji atazame kalenda. Tarehe 8 Julai 1497, katika ule mwaka uleule wa kufukuzwa Waislamu, merikebu za Vasco da Gama ziling'oa nanga katika ufuo wa Belém, pembeni mwa mji. Mji uliokuwa ukiwatoa Waislamu kwa mlango mmoja ulikuwa ukituma watu kwa mlango mwingine kuja kuwatafuta Waislamu wengine, wa Msumbiji, Mombasa na Malindi. Aprili 1498 walifika Mombasa, wakaondoka kwa kutoaminiana. Malindi walipokewa vizuri na kupewa rubani wa kuwavusha hadi India, wakafika Calicut mwezi wa Mei. Bahari ambayo babu zetu waliivuka kwa pepo za kaskazi na kusi, kwa biashara na kwa undugu, sasa iliingiwa na chombo chenye mizinga, kilichodai kwamba njia ni yake.

Dhahabu

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na merikebu nyingi zaidi. Alipofika Kilwa alimlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kukubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu, mithqali 1,500. Mwaka huohuo, karibu na pwani ya India, aliichoma moto merikebu iliyobeba mahujaji waliokuwa wakirejea kutoka Makka, wakiwamo wanawake na watoto. Wareno wenyewe waliokuwamo katika safari ile waliyaandika hayo.

Dhahabu ya Kilwa ilifika Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel akaamuru ifuliwe chombo cha ibada kwa ajili ya monasteri mpya ya Belém. Kazi hiyo hunasibishwa na Gil Vicente, mhunzi wa dhahabu, nayo ikamalizika mwaka 1506. Chombo hicho kipo hadi leo katika Jumba la Taifa la Sanaa za Kale mjini Lisbon. Kimenakshiwa kwa ustadi mkubwa, na chini yake pamechorwa maandishi yanayosema waziwazi kwamba mfalme aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Aliyekitengeneza hakuona haya kuandika ilikotoka. Kwake ilikuwa fahari.

Monasteri yenyewe, ile ya Jerónimos, ilianza kujengwa mwaka 1501, na gharama zake zilitoka kwa sehemu kubwa katika ushuru wa bidhaa za mashariki, hasa viungo. Ni jengo la mawe meupe, na nguzo zake zimechongwa kamba za merikebu na mambo ya bahari. Watalii hulisifu, nasi hatukatai kwamba ni zuri. Tunachosema ni kwamba mwaka 1505, wakati mawe hayo yakipangwa, askari wa Francisco de Almeida waliiteka Kilwa na kuipora, na majuma machache baadaye wakaichoma Mombasa. Anayeitazama Belém anaitazama pia Kilwa Kisiwani, ambako watoto wa leo wanacheza kati ya magofu. Mizani moja ilipanda kwa kuwa nyingine ilishuka.

Hapa kijana wetu alituuliza swali la pili, na lilikuwa gumu kuliko la kwanza: "Na Kilwa waliipata wapi dhahabu?" Ilitubidi tumwambie kweli. Dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikashuka Sofala, na Kilwa ikatajirika kwa kuishika biashara ya bandari ile. Wachimbaji wake hatuyajui majina yao hata mmoja. Ukiifuata haki mpaka mwisho wake, husimami pale unapopenda wewe kusimama.

Vivyo hivyo kuhusu watumwa. Lisbon ilikuwa na afisi rasmi ya biashara ya watumwa, iliyoanzishwa karne ya 15, na kufikia katikati ya karne ya 16 karibu mtu mmoja katika kila kumi mjini humo alikuwa mtumwa, wengi wao wakiwa Waafrika. Walichota maji, walifua nguo, walibeba taka, walipakua merikebu. Twalisema hili kwa uchungu, lakini hatuna idhini ya kulisema kisha tukanyamazia Kilwa Kivinje ya karne ya 19, ambapo misafara ilishusha binadamu pwani wakauzwa, na wauzaji na wanunuzi walikuwamo watu wa dini yetu. Mtoto atakayefundishwa dhulma za wengine tu atajifunza chuki. Mtoto atakayefundishwa dhulma popote ilipotokea atajifunza uadilifu.

Asubuhi ya tarehe mosi Novemba

Mwaka 1755, tarehe mosi Novemba, ilikuwa sikukuu kubwa ya Wakatoliki. Asubuhi, yapata saa nne kasoro, makanisa yakiwa yamejaa watu na mishumaa ikiwaka, ardhi ilitetemeka. Ilitikisika kwa dakika kadhaa, mara baada ya mara. Waliosalimika wakakimbilia ufukweni kwenye uwazi, wakaona maji ya mto yamejiondoa, vilindi viko wazi. Kisha bahari ikarudi kama ukuta ikawazoa. Na pale maji yasipofika, moto ulioanzia katika mishumaa na majiko uliunguza mji kwa siku kadhaa. Waliokufa wanakadiriwa kuwa makumi ya maelfu. Kasri la mfalme lililokuwa kando ya maji liliangamia pamoja na maktaba yake, na nyumba kubwa ya michezo ya kuigiza iliyofunguliwa mwaka uleule haikuuona mwaka mpya. Miji ya Morocco nayo ilipata maafa makubwa kwa tetemeko hilohilo.

Wahubiri wakasimama kusema kwamba ni adhabu ya dhambi za Lisbon. Lakini watu wenye akili wakauliza: mbona makanisa yaliyojaa waumini yalianguka, na vichochoro vya Alfama, vilivyosemwa vibaya kwa mambo ya usiku, vikabaki kwa sehemu kubwa vimesimama? Voltaire wa Ufaransa aliandika shairi mashuhuri kuhusu maafa hayo, na Kant wa Ujerumani, angali kijana, aliandika makala akitafuta sababu za maumbile. Na mtu asiharakishe kusema kwamba ilikuwa jaza ya Kilwa na Mombasa, maana ingembidi atueleze kosa la Morocco. Adabu yetu inatufundisha kwamba mtihani humpata mwema na mwovu, na kwamba mtu asijitwalie elimu ya ghaibu akawahukumu maiti wa wenzake.

Waziri wa mfalme, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, hakukaa kubishana. Maiti zilipakiwa katika mashua zikazamishwa baharini ili tauni isizuke. Nafaka ikalindwa, waporaji wakasimamishiwa vitanzi. Kisha parokia zote za nchi zikapelekewa maswali: tetemeko lilidumu muda gani, lilirudia mara ngapi, maji yalianza kupanda au kushuka, walikufa wangapi. Wataalamu wa matetemeko huyahesabu maswali hayo kuwa miongoni mwa mianzo ya elimu yao. Mji wa chini ukajengwa upya kwa njia pana zilizonyooka, na ndani ya kuta za nyumba zikafungwa fremu za mbao zilizokingamana, ili nyumba iyumbe bila kuanguka. Inasimuliwa kwamba mifano ya nyumba hizo ilijaribiwa kwa kuamuru askari watembee kwa kishindo kuizunguka. Katika miji yetu ya pwani, ambako ghorofa huanguka bila hata tetemeko, na lawama ikaachiwa kadari, habari hii inafaa isomwe mara mbili. Kutegemea kwa Mwenyezi Mungu hakumwondolei fundi wajibu wa kupima saruji.

Waliorudi

Nguvu za Lisbon zilipungua zamani. Waomani waliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na mwaka 1698 ngome ya Mombasa ikaanguka baada ya kuzingirwa tangu mwaka 1696. Hata hivyo waling'ang'ania Msumbiji mpaka karne ya 20. Chini ya utawala wa kidikteta wa Salazar na aliyemfuata, vijana wa Kireno walipelekwa kupigana Angola, Guinea na Msumbiji. FRELIMO iliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962, na kutoka ardhi ya Tanzania wapiganaji wake walivuka mto Ruvuma. Vita hivyo viliwachosha askari wenyewe, hata tarehe 25 Aprili 1974 wakaipindua serikali yao mjini Lisbon, na watu wakawatia maua mekundu katika midomo ya bunduki. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni, Msumbiji ikawa huru. Basi mji ambao merikebu zake ziliichoma Mombasa ulipata uhuru wake kwa sehemu kubwa kwa sababu ya Waafrika waliokataa kutawaliwa nao. Ni mzunguko wa ajabu.

Na Waislamu wakarudi. Wanafunzi waliotoka Msumbiji, wengi wao wenye asili ya Kihindi, walianzisha jumuiya ya Kiislamu ya Lisbon mwaka 1968. Baada ya uhuru wa makoloni familia nyingi zikafuata, kutoka Msumbiji na kutoka Guinea-Bissau. Msikiti Mkuu wa Lisbon ulifunguliwa mwaka 1985, karibu na uwanja unaoitwa Praça de Espanha, na mnara wake unaonekana kutoka mbali. Si mbali na hapo lipo jumba la makumbusho la Gulbenkian, lenye taa za misikiti, mazulia na vyombo vya udongo vya nchi za Kiislamu, ambavyo mtu husafiri mbali kuviona.

Huko Mouraria, mahali walikofungiwa Waislamu baada ya mwaka 1147 na kufukuzwa mwaka 1497, leo utakuta maduka ya Wabangladeshi, nyama ya halali, na adhuhuri ya Ijumaa wanaume wenye kofia wakiharakisha njia. Uwanja ulio pembeni mwa mtaa huo umepewa jina la Martim Moniz, shujaa ambaye hekaya ya Wareno yasema alijibana katika mlango wa kasri usifungwe, akafa hapo ili wenzake waingie kuwashinda Waislamu. Watoto wa Kiislamu hucheza mpira katika uwanja wenye jina hilo. Si kwamba maisha yao ni mepesi. Kodi za nyumba ni kubwa, karatasi za ukazi huchukua muda mrefu, na wapo Wareno wasiopenda kuwaona. Lakini wapo, na hapana hati ya mfalme inayowalazimisha kulima mizabibu.

Wazazi tufanye nini

Tulimwambia kijana wetu mambo haya kwa siku tatu, baada ya magharibi, kidogo kidogo. Nasi twawaomba wazazi wafanye hivyo katika nyumba zao. Mtoto akileta daftari lenye jina la mgeni na mwaka aliofika, muulizeni: alitoka wapi, ni nani aliyemtuma, alichukua nini, na kile alichochukua kiko wapi leo? Anayeweza, ampeleke mtoto Kilwa Kisiwani au katika ngome ya Mombasa, akaviguse vijiwe vile kwa mkono wake. Asiyeweza, basi ramani na masimulizi ya wazee yanatosha kuanzia.

Ama ile dhahabu ya Kilwa iliyo katika jumba la Lisbon, yapo maoni mengi. Wapo wanaosema irudishwe, na wapo wanaosema ibaki huko lakini isemwe kweli yake. Sisi hatuna mamlaka ya kuamua, ila twaona kwamba hawezi kudai haki yake mtu asiyejua kwamba alikuwa nayo. Watoto wetu wangapi, hata wa Kilwa kwenyewe, wamepata kuambiwa kwamba chombo hicho kipo, na kwamba jina la mji wao limechorwa juu yake?

Juzi kijana wetu alitufungulia tena daftari. Chini ya ule mstari wa Vasco da Gama alikuwa ameongeza mwingine, kwa hati yake ileile safi: mwaka 1506 dhahabu ya Kilwa ilifuliwa Lisbon. Akatuuliza kama mtihani utaliuliza hilo. Tukamwambia pengine hautauliza. Akaufunga daftari bila kuufuta mstari.

Tukutane juma lijalo, in sha Allah. Wabillahi tawfiq.